Sifa za Mchomaji wa Kapasita

Msimu wa pamba ukifunguliwa na fedha ikaanza kutembea, meza za mafundi simu mjini Bariadi hujaa. Fundi anafungua simu ya mama aliyetoka Somanda, analaza bodi chini ya darubini, anagusa hapa na pale kwa ncha za mita. Mita inalia. "Mama, simu yako haijafa, ni shoti tu." Anapasha moto, anang'oa kwa kibano kipande cha kahawia kisichofika milimita moja, anaweka kingine. Simu inawaka. "Asante mwanangu," anasema mama, na shukrani hiyo ni haki ya fundi. Mimi nataka kumsifu mwingine, yule aliyekichoma kipande hicho kwenye tanuri.

Kwa maana kipande hicho ni kapasita, na kapasita hiyo ni kazi ya ufinyanzi. Udongo wake ni unga mweupe wa bariamu titanate, wenye bariamu, titani na oksijeni. Titani si mgeni kwetu: mchanga wake ulichimbwa Kwale, Kenya, kuanzia 2013 hadi 2024. Unga huo huchomwa kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,300 hivi za Selsiasi. Hauyeyuki, bali chembe zake hushikana hadi ukawa kitu kigumu. Na ukubwa wa chembe hizo ndio unaompima mchomaji.

Kipande kikipoa chini ya nyuzi 120 hivi, fuwele hurefuka upande mmoja kwa takriban asilimia 1, na chaji chanya na hasi ndani yake huachana kidogo. Wanasayansi huiita hali hiyo feroelektriki. Lakini chembe haiko peke yake. Ni kama watu waliobanana kwenye benchi: kila mmoja anataka kunyoosha miguu, jirani anamzuia. Ili kupunguza mkazo, chembe hujigawa ndani kwa ndani katika matabaka yenye mielekeo tofauti. Chembe ikiwa ndogo, matabaka huwa membamba na mipaka yake huongezeka. Mipaka hiyo ikitikiswa na umeme, uwezo wa kubeba chaji hupanda.

Mwaka 1985 watafiti Arlt, Hennings na de With walilipima jambo hili. Chembe kubwa zilibeba chaji mara 1,500 hadi 2,000 zaidi ya ombwe. Zilipokaribia maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, uwezo ulifika kama mara 5,000. Zilipopungua zaidi, ukashuka tena, na fuwele zikawa hazirefuki vizuri. Hapo ndipo ninapompa heko mchomaji. Udogo peke yake haumsaidii. Anatafuta kipimo, tena ndani ya tanuri ambamo moto ukizidi kidogo tu, chembe chache hunenepa kwa kuzimeza jirani zake na mzigo mzima unaharibika.

Simu za leo zimemtia kwenye mtihani mgumu zaidi. Ndani ya kapasita moja kuna mamia ya matabaka ya seramiki, mengine hayafiki maikromita 1 kwa unene, na kila tabaka linahitaji chembe kadhaa kati ya elektrodi ya nikeli ya upande huu na ya upande ule. Mipaka ya chembe ndiyo inayouzuia umeme usivuje. Kwa hiyo mchomaji hushuka hadi nanomita 100 au 200, akiacha sehemu ya ule uwezo wa juu ili kapasita idumu. Mwaka 2000 watafiti Chen na Wang walieleza mbinu ninayoipenda sana: panda haraka hadi joto kali, kisha shuka na ukae hapo kwa saa nyingi. Matundu yaliyo kati ya chembe huendelea kuziba, chembe zenyewe hazikui tena. Uvumilivu kama huo wa kuusubiri moto mdogo ufanye kazi ambayo moto mkubwa ungeiharibu, mimi nauhesabu kuwa ufundi wa daraja la kwanza.

Altrasaundi anayopimiwa mama mjamzito inataka kinyume chake. Kichwa cha mashine hiyo hutumia seramiki ya risasi, zirkoni na titani, ambayo hutikisika ikipata umeme na kutoa umeme mwangwi ukirudi. Chembe zikiwa chini ya maikromita 1, mipaka ya ndani hukwama na mtikisiko hupungua. Basi mchomaji huyohuyo huziacha zikue hadi maikromita kadhaa, na bado ni juu yake kujua pa kuzisimamisha.