Namna ya Kuchagua Vyombo vya Sinema ya Nyumbani

Mnunuzi wa vyombo vya sinema ya nyumbani aghalabu huingia dukani jicho lake likiwa limetangulia sikio, akauliza ukubwa wa kiwambo na ukali wa taa ya projekta, na spika akazichukua mwishoni kama ndimu za nyongeza juu ya fungu la samaki. Mimi ningemshauri aupindue mpango huo, kwa kuwa kasoro ndogo ya picha jicho huizoea baada ya muda mfupi, lakini neno lisilosikika huwafanya waliohudhuria waulizane, "Kasema nini?", na hadithi ikavurugika papo hapo.

Katika seti ya kawaida, yenye spika tano na sabufa moja, ya katikati ndiyo sultani, maana ndiyo ibebayo sehemu kubwa ya maneno ya wachezaji. Nayo yapasa iwe ya ukoo mmoja na ya kulia na ya kushoto, ili gari lipitalo kutoka upande mmoja hadi wa pili lisigeuke kuwa gari jingine njiani. Lipige kasha lake konzi, kama mjuzi apigavyo fenesi: kasha jema hujibu kwa mlio mfupi, mzito, na dhaifu huvuma kama debe. Itazame kadhalika ile pete laini izungukayo koni, kwani ya sponji humeguka upesi kwa joto na unyevu wa pwani, ilhali ya mpira hustahimili zaidi. Kisha omba uchezewe sauti ya mtu pasipo ala, kwa kiasi cha chini, na iliyo bora ni ya msomaji au mwimbaji uliyepata kumsikia ana kwa ana. Mizinga na miripuko huzipamba spika zote sawasawa. Bali herufi "s" na "sh" zikikukwaruza sikio dukani, zitakukwaruza kila usiku nyumbani.

Risiva, chombo kizipacho spika nguvu, ndiyo yenye hila nyingi. Juu ya sanduku huweza kuandikwa wati 150 kwa herufi nene, na chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kwamba kipimo hicho kilitwaliwa kwa chaneli moja tu, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, na kwa upotofu wa sauti wa asilimia 10. Kipimo chenye insafu ni cha hezi 20 hadi 20,000, chaneli mbili au zaidi zikifanya kazi pamoja, na upotofu usiofika asilimia 0.1. Wala wati zisikutie kiwewe: kuziongeza maradufu huzidisha desibeli 3 tu, hata spika itoayo desibeli 90 kwa wati moja, ukiipima kwa umbali wa mita moja, hutosheka na nusu ya nguvu idaiwayo na ile ya 87. Na risiva iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani isichomekwe katika 230 za kwetu kabla ya kusomwa kibandiko cha nyuma. Mimi sikukisoma, na moshi ukakaa nami sebuleni hadi magharibi.

Ama kiwambo, cheupe kisichong'aa, chenye kipimo cha uakisi wa mwanga ("gain") cha 1.0, huwagawia mwanga wote waketio. Kile kisifiwacho kwa kuuzidisha huunyang'anya pembeni na kuurundika katikati. Kimulikie tochi kutoka ubavuni, na mawimbi yake yatajidhihirisha kwa vivuli. Cha inchi 100, kwa uwiano wa 16 kwa 9, kina upana wa takriban sentimita 221, na kiti chako kiwe baina ya mita 3 na 4.

Hata hivyo, katika nyumba zetu za saruji na marumaru, piga kwanza kofi moja katikati ya chumba; mwangwi ukikujibu, zulia nene na mapazia ya mikunjo yanastahili fedha kabla ya spika, kwani mkeka ni mwembamba mno kwa kazi hiyo. Sabufa nayo usiitupe pembeni kwa kuwa ndipo palipo wazi: iweke juu ya kiti chako mwenyewe, ipige muziki wenye besi, kisha utambae kandokando ya kuta, watoto wakikucheka, mpaka ufike pale besi isikikapo safi bila kuvuma, na hapo ndipo uiteremshe.