Fulana na Usemi Wake

Watu wa Pwani hawakungoja fulana ije ndipo wajue ya kuwa nguo yaweza kusema. Tangu mwisho wa karne ya 19 kanga imekuwa ikivaliwa Uswahilini, nayo ina pindo lake, mji wake na jina lake, yaani yale maneno machache yaandikwayo juu ya pindo la chini. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Basi mtu atakaye kuipima kazi ya msanii wa fulana katika Tanzania hana haja ya kuazima mizani ng'ambo. Mizani iko nyumbani.

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Fulana hupigwa chapa kwa njia isiyo na mambo mengi, lakini isiyosamehe makosa. Kitambaa chembamba chenye matundu madogo huwambwa juu ya fremu kama ngozi ya ngoma, kisha hupakwa dawa igandayo kwa mwanga. Mchoro mweusi juu ya karatasi ipitishayo mwanga hulazwa hapo, na taa au jua huigandisha dawa yote, isipokuwa ile iliyofichwa na mchoro. Hiyo huoshwa kwa maji, matundu yakabaki wazi. Rangi ikiisha kumiminwa huburutwa kwa ubao wenye ncha ya mpira, nayo hupita penye matundu tu. Kila rangi yataka fremu yake, na kila fremu sharti ikae pale pale ilipokaa ile iliyotangulia. Ikisogea kidogo tu, picha huonekana kama inayotetemeka. Fulana nyeusi yataka kutangulizwa rangi nyeupe, ndipo nyekundu ionekane kuwa nyekundu. Mwisho chapa hutiwa moto. Rangi za namna ya plastiki zahitaji joto la kadiri ya digrii 160 za Selsiasi, la sivyo hupasuka na kubanduka nguo ifuliwapo.

Masharti haya ni kwa msanii kama vina na mizani kwa mshairi. Hayamzuii kusema, bali humlazimisha achague. Kwa kuwa kila rangi ni fremu na kila fremu ni gharama, hujifunza kuacha yasiyo ya lazima, na aghalabu kinachobaki huwa na nguvu kuliko kilichoachwa.

Mfano mkubwa wa nguvu hiyo ni uso wa Che Guevara. Alberto Korda alimpiga picha mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, na mwaka 1968 Jim Fitzpatrick wa Ireland aliichora upya, akaondoa karibu vivuli vyote, akabakiza weusi mtupu juu ya rangi moja iliyokoza. Mchoro wa namna hiyo ni kama uliozaliwa kwa ajili ya fremu, nao ukaenea duniani juu ya vifua vya watu. Lakini hapo pana funzo la pili. Che mwenyewe alipita Dar es Salaam mwaka 1965, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, na mwishoni mwa mwaka huo alirudi Dar es Salaam kwa siri, akaandika habari za kushindwa kwake. Leo uso wake warejea katika mji huo huo ndani ya marobota ya mitumba, na wengi wauvaao hawajui ya kuwa mwenye uso aliwahi kukaa hapo. Ufundi umeshinda, maana imepotea njiani.

Kupotea huko kwa maana si jambo la miji mikubwa peke yake. Msimbati, kijiji cha pwani kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mlango wa Ruvuma, ni mahali palipozungumzwa sana na watu wa mbali. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikaanza kutumika mwaka 2006. Bahari yake iliingizwa katika hifadhi mwaka 2000. Na habari ya bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam ilizua ghasia kubwa mkoani Mtwara mwaka 2013. Mahali kama hapo pana mengi ya kusema. Lakini fulana zifikazo katika vijiji vya pwani hiyo ni za namna mbili hasa. Ya kwanza ni mtumba, wenye maneno ya lugha ngeni na majina ya shule na timu ambazo mvaaji hazijui. Ya pili ni fulana ya bure, ya kampeni ya uchaguzi au ya mradi fulani. Hii yasema Kiswahili, ila haimsemei mvaaji, yamsemea aliyeigawa.

Pengine msomaji atajibu kwamba kanga nayo ni bidhaa ya mfanyabiashara. Ni kweli. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zajulikana kwa alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Lakini alama hiyo ni ndogo, imekaa kando kwa adabu. Neno kubwa ni jina, nalo huchaguliwa na mwanamke dukani huku akimfikiri mumewe, jirani yake au mke mwenzake. Fulana ya bure imeipindua desturi hii: alama ya mwenye mali ndiyo imejaa kifuani, na usemi wa mvaaji haupo kabisa. Wala kosa si la mvaaji, maana nguo ya bure humkinga mtu na jua kama nguo nyingine. Kosa ni la msanii aliyekubali kuwa mgonga muhuri.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kusini hakuna michoro ya kuanzia. Wamakonde wana vinyago vya mapiko, na George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwachora mashetani wake kwa mistari minene na rangi bapa zisizochanganyikana. Kazi ya namna hiyo yaingia katika fremu bila kupoteza kitu. Hata hivyo kuinakili tu kwa ajili ya watalii hakutoshi, kwa sababu picha isiyo na jina ni kanga iliyokatwa pindo.

Fulana njema, basi, na ipimwe kwa maswali matatu. Je, rangi zake ni chache kiasi kwamba hakuna hata moja iwezayo kuondolewa? Je, neno na picha vyategemeana, hata kimoja kikifutwa kingine kipungukiwe? Na je, mtu wa Msimbati angeinunua kwa fedha yake mwenyewe, ili amwambie mwenzake jambo alilokuwa nalo moyoni? Nyingi zitalipita swali la kwanza, na baadhi zitalipita la pili. La tatu ndilo lililoifanya kanga idumu kwa zaidi ya miaka mia moja, na fulana isiyoweza kulijibu, hata ikipigwa chapa kwa ustadi namna gani, itabaki kuwa tangazo lenye mikono.