Alama au kiashiria?

Baadhi ya watafsiri wa tiba hutuambia "alama ya kibayolojia". Hapo mimi nagoma. Alama ni kovu, au maksi za mwanafunzi. Mzazi wa Mamboleo, Kisumu, akielezwa hivyo ataikagua ngozi ya mwanawe, kumbe jambo limo damuni. Ukanda huu wa ziwa una wagonjwa wengi wa selimundu. Himoglobini S ikionyesha ugonjwa huo, daktari humpangia mgonjwa upasuaji mkubwa tofauti na wa kitanda jirani: maji ya kutosha, asipigwe baridi, asipungukiwe na oksijeni. Basi tuseme "kiashiria". Kiashiria huelekeza, hakihukumu. Anayetia saini fomu ya idhini sharti aelewe damu yake inaashiria nini.