Vidole Vinavyotafuta Sauti

Fundi mmoja wa redio za upepo ninayemfahamu hanunui enkoda, kile kifaa cha nyuma ya nobu ya kutafutia stesheni, kwa macho. Muuzaji keshataja bei, keshanyoosha mkono, mwenzake bado ameshika shafti kwa kidole gumba na cha shahada, kafumba macho, anaizungusha polepole. Ikipwaya hata kidogo, anairudisha. Ikiwa nzito kiasi, bila kusita wala kuteleza, ndipo anauliza: "Mapigo mangapi kwa mzunguko?"

Ufundi wote umo katika swali hilo. Enkoda hutoa mapigo kwenye nyaya mbili, na waya unaotangulia ndio unaoiambia redio kwamba mkono umekwenda kulia au kushoto. Zile za bei rahisi, za mguso, hutoa mapigo 20 au 24 tu kwa mzunguko, kila pigo na kijino chake: tik, tik, tik. Kwa kuongeza sauti zinatosha kabisa. Kwa kumtafuta mtu kwenye bendi ya mita 20, ambako wanaredio wa ridhaa wanaruhusiwa kuanzia megahezi 14.000 hadi 14.350, ni adhabu. Kila tik ikisogea hezi 10, mzunguko wa mapigo 24 ni hezi 240, na kuivuka bendi nzima kunadai mizunguko zaidi ya 1,450. Ukikuza hatua ili uwahi, unamruka mtu. Na sauti inayorushwa kwa SSB, yaani kwa ukanda mmoja wa pembeni, ikikosewa kwa hezi mia mbili tatu, mzee mwenye heshima zake anasikika kama bata.

Iangalie uBITX, redio ya kujiundia iliyobuniwa na Ashhar Farhan wa Hyderabad, India. Ni kazi ya kuheshimika, na imewafungulia mlango wengi wasio na fedha. Lakini ilikuja na enkoda ya mguso, na programu yake ya awali ilikuwa ikichungulia pini mbili za Arduino, kompyuta yake ndogo, pale tu ilipopata nafasi. Zungusha haraka, hatua zinapotea. Wengi wakaing'oa na kuweka ya mwanga, ambayo ndani yake mwanga wa taa ndogo hupenya matundu ya kisahani na hakuna chuma kinachosuguana na chuma.

Hapo ndipo wenye pupa hukwama. Wanakimbilia enkoda ya viwandani ya mapigo 600, wakidhani wingi ndio ubora. Programu ya kuchungulia inazidiwa, masafa yanarukaruka, na wengine husahau hata rezista za kuvutia juu zile nyaya mbili. Fundi wangu alichagua ya mapigo 100, ya kuendeshea mashine za karakana. Akaifungua, akaondoa springi inayoleta vijino, akaifunga. Kila pigo lina mabadiliko manne, hivyo mzunguko mmoja ni hatua 400, sawa na kilohezi 4: unatoka kwenye mazungumzo ya mtu na kuingia kwa jirani yake. Nobu akaifunga nzito, ya alumini, yenye kishimo cha kidole. Siku hiyo niliizungusha mpaka akaniambia niache, namaliza betri.

Ilinikumbusha utoto wangu: nilikulia kwenye nyumba yenye redio ya uzi. Uzi ulitoka kwenye nobu, ukapita gurudumu la kapasita, ukavuta sindano nyekundu juu ya kioo chenye majina ya miji. Nyuma ya nobu palikuwa na kipande cha chuma kizito. Ukiisukuma, sindano iliendelea kutembea yenyewe. Baba hakuruhusu mtoto aiguse. Usiku alikuwa akiisogeza kwa upana wa ukucha, mlio ukipungua, mtangazaji akiibuka kidogokidogo kutoka kwenye mvumo, nasi tumenyamaza. Uzi ukikatika, aliitwa fundi, naye alikuja na uzi.

Siku hizi haitwi mtu. Nobu ikianza kuruka hatua, dukani unaambiwa ununue redio nyingine, na hiyo nyingine huja na vitufe viwili vya kupanda na kushuka. Kijana wa leo hajui kwamba mkono nao husikiliza, na si kosa lake, maana hajapewa cha kushika. Fundi wangu hana mwanafunzi hata mmoja.

Nanyi mnaounda redio za bei mbaya mkazitia enkoda ya shilingi chache: mnajua mlichokibana. Tuwekeeni kifaa kinachostahili mkono wa mtu, tutalipa hiyo tofauti.