Istilahi "Kipimo Data": Je, Yafaa?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizozoeleka katika tafsiri zetu, "kipimo data" yastahili kuchunguzwa upya. Hutumiwa kwa maana ya wingi wa data inayoweza kupita katika njia fulani kwa sekunde moja. Lakini maneno yenyewe hayagusi kupita wala wakati. Msomaji asiyepewa ufafanuzi atadhani kuwa kinachotajwa ni gigabaiti, ambazo kwa hakika ndizo kipimo cha data.

Dosari hii huonekana ndogo mpaka mtu ajaribu kueleza utendaji wa konsoli za michezo ya video. PlayStation 4 na Xbox One zilitolewa mwaka 2013, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Hata hivyo, kumbukumbu ya ile ya kwanza, ya aina ya GDDR5, iliweza kupitisha gigabaiti 176 kwa sekunde; ya pili, ya aina ya DDR3, gigabaiti 68 hivi. Ili kufidia upungufu huo, Xbox One iliwekewa kumbukumbu nyingine ya kasi, megabaiti 32 tu, na ikawabidi waandishi wa programu wachague data ya kuweka humo. Jambo hilo, pamoja na udogo wa kichakataji chake cha picha, lilifanya baadhi ya michezo ionyeshwe humo kwa nukta chache zaidi.

Hayo ni maghala mawili yenye ukubwa sawa na milango isiyolingana. Mfasiri akiandika kwamba kumbukumbu zililingana ila kipimo data kilitofautiana, msomaji ataona amejipinga. Na ofisa anayeandaa zabuni ya kompyuta, akiwa na istilahi hiyo pekee, atahesabu gigabaiti na kusahau mlango.

Twapendekeza "kima cha upitishaji", ili kisimame kando ya "ukubwa wa kumbukumbu" na "ukawiaji", yaani muda ambao kichakataji husubiri data iliyoombwa. Itadaiwa kwamba "kipimo data" ni fupi na imekwisha enea. Ni kweli, lakini ufupi usiobainisha maana haumsaidii mwalimu darasani. Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi wanaombwa walilete, tulipime kwa mfano huu huu.