Msomaji Asiye na Mtihani: Usomaji wa Kiuraibu na Mjadala wa Riwaya ya Kisasa ya Kiswahili

Utangulizi

Msomaji hutajwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini huonekana mara chache. Hutajwa pale inapodaiwa kwamba mwandishi amemzindua msomaji, amemwelimisha au amemwonya. Anapoonekana kwa sura yake, aghalabu huwa mwanafunzi. Mtu mzima anayeazima riwaya kwa kuwa anapenda riwaya, akaisoma usiku baada ya kazi na kuibishania na wenzake mwisho wa juma, hana makao katika tasnifu wala katika ripoti za sera. Hakufanya mtihani, kwa hiyo hana alama. Hakununua kitabu kupitia shule, kwa hiyo hana idadi.

Makala haya yanamchukua mtu huyo kuwa mhakiki. Yanadai kwamba mjadala wa kiuraibu huyashika maswali ambayo riwaya zenyewe zimeyaacha wazi, ilhali mazoea ya darasani yamekuwa ya kuyafunga. Dai hilo lina uzito wa kisera, kwa sababu Kiswahili kinaingia katika nchi jirani kupitia mlango wa shule, na kitu kinachoingia kwa mlango huo huja na desturi za mlango huo.

Neno uraibu lenyewe linastahili kutazamwa. Kabla ya shule za Kenya kulipanua hadi kumaanisha shughuli yoyote anayoipenda mtu katika wakati wake wa faragha, lilihusu hasa mazoea ya vitu kama tambuu na tumbaku. Hivi ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvitumia akiwa peke yake, lakini utamu wake hukolea barazani. Ndivyo ilivyo riwaya mikononi mwa msomaji anayezungumziwa hapa: huisoma peke yake, lakini haijaisha mpaka imezungumzwa.

Kitabu teule na jibu lake

Hakuna anayeweza kubeza mchango wa vitabu teule. Bila shule, wachapishaji wengi wa riwaya za Kiswahili wangekwisha kufunga milango. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) na Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) zilisomwa na vijana wa Kenya nzima, kuanzia Lamu hadi Turkana, kwa sababu zilitahiniwa. Ni hadhira ambayo mwandishi wa Kiingereza katika ukanda huu angeionea wivu. Lakini karibu na kila kitabu teule huota mwongozo, na mwongozo una tabia moja isiyobadilika: hujibu. Hugawa kazi katika fani na maudhui, huorodhesha dhamira, huwapanga wahusika kwa sifa zao, kisha hufasiri majina. Mwanafunzi mwenye haraka huweza kuusoma mwongozo na kuiacha riwaya, naye asipungukiwe na chochote kitakachoulizwa.

Kidagaa Kimemwozea ni mfano mzuri kwa kuwa inaonekana kama iliandikwa kwa ajili ya utaratibu huo. Mtemi Nasaba Bora, Amani, Imani, Majisifu: majina ya kimajazi yanamfasiria msomaji mhusika kabla hajatenda jambo. Uhakiki mwingi umekaa hapo, ukisifu uteuzi wa majina. Hata hivyo, ndani ya riwaya hiyo kuna jambo ambalo majina hayawezi kulimaliza. Mwalimu Majisifu amejipatia sifa ya uandishi kwa mswada alioiba, na mwenye mswada ni Amani, kijana anayejikuta chini ya kivuli cha ukoo wa mwizi wake. Je, kazi iliyoibwa ina thamani gani kwa wasomaji waliokwisha kuipenda? Mwenye mali anadai nini hasa: fedha, jina, au kule kujulikana tu kwamba ni yeye? Watu wazima wakiizungumza riwaya hii pasipo mtihani, maswali ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kuwachelewesha kwenda nyumbani. Katika mwongozo, jambo hilo hupewa mstari mmoja chini ya dhamira ya ufisadi.

Yasmin mbele ya wasomaji wake

Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) inaruhusu jambo hili kuchunguzwa kwa karibu zaidi, kwa sababu imeishi maisha mawili. Imetumika sana shuleni na vyuoni nchini Tanzania. Pia imesomwa, na inaendelea kusomwa, kwa mapenzi tu. Filamu ya Amil Shivji yenye jina hilohilo, iliyooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, iliiongezea wasomaji ambao hawakuijua kama kitabu cha darasa.

Kisa chake kinajulikana. Katika Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, anapokelewa na rafiki yake Mwajuma, na kupitia maisha hayo mapya anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi akiwa mwanaharakati anayewindwa na polisi wa Inspekta Wright. Usomaji wa darasani umeipa riwaya hii dhamira mbili kubwa, ukombozi wa mwanamke na ukombozi wa nchi, na umeziunganisha kwa mkabala nadhifu: Yasmin anajikomboa kutoka kwa Raza kama nchi inavyojikomboa kutoka kwa mkoloni. Ni usomaji wenye ushahidi, na mwandishi mwenyewe ametoa vidokezo vya kutosha kuutegemeza.

Tatizo ni kwamba unaruka swali ambalo msomaji wa kiuraibu hulifikia mapema: Je, Denge anampenda Yasmin? Au, kwa ukali zaidi: Yasmin ametoka katika mikono ya mwanamume mmoja aliyemwamulia na kuingia katika harakati za mwanamume mwingine, ambazo nazo zilikwisha kuamuliwa kabla yake? Denge huiweka harakati mbele ya mapenzi, na halifichi jambo hilo. Msomaji anayeshikilia upande wake atasema kwamba huo ndio ukweli wa nyakati zile, na kwamba mtu anayeahidi kidogo na kukitimiza ni bora kuliko anayeahidi ndoa. Msomaji wa upande wa pili atauliza mbona aliyelipa gharama ya uhuru huo ni Yasmin, aliyepoteza ukoo, dini ya nyumbani na jina jema kwa pamoja. Wa tatu atamtaja Mwajuma. Huyu hana itikadi, hana elimu ya ng'ambo, lakini ndiye pekee anayefungua mlango bila kumuuliza mgeni wake anafuata nini. Yawezekana kabisa kwamba shujaa wa riwaya hii ni yeye, na kwamba uhakiki umempita kwa sababu hakuwa na dhamira ya kuandikwa ubaoni.

Mabishano ya aina hii yana udhaifu wake, na si haki kuuficha. Msomaji wa kiuraibu humhukumu mhusika kama anavyomhukumu binti wa jirani. Anamlaumu Yasmin, anamtetea, anampa ushauri aliopaswa kupewa na shangazi yake. Mara chache atauliza ni nani anayesimulia, au kwa nini msimulizi yuko karibu na Yasmin katika sura moja na mbali naye katika nyingine. Hapa mhakiki aliyesomea kazi yake ana la kuongeza. Lakini ataliongeza tu iwapo amekubali kwanza kwamba swali la jirani ni swali halali. Kumhukumu mhusika ni njia mojawapo ya kuyapima maamuzi ya msimulizi, hata kama anayehukumu hatumii istilahi hiyo.

Kusubiri na kusaidiana

Desturi hii si ngeni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), walisomwa kwa kupokezana nakala mpaka majalada yakachakaa. Baadaye hadithi za mfululizo magazetini, zikiwemo za Eric Shigongo, ziliwapa wasomaji kitu ambacho kitabu kizima hakiwapi, yaani siku za kusubiri. Kati ya toleo na toleo, wasomaji walibashiri, wakabishana, wakamtetea mhusika ambaye huenda angeuawa wiki inayofuata. Wahakiki waliziita hadithi hizo pendwa na wengi wakaishia hapo, kana kwamba kupendwa kulikuwa kasoro. Kwa kweli zilikuwa shule ya mjadala. Mtihani hauna muda wa kusubiri. Hutaka mwisho ujulikane mwanzoni.

Ingetarajiwa kwamba riwaya za kimajaribio zingekuwa adui wa msomaji huyu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, au Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), zimevunja mtiririko wa kisa ambao Willy Gamba aliutegemea, na malalamiko kwamba haziingiliki ni ya kawaida. Hata hivyo, ugumu wake ni wa aina inayofaa kusomwa na watu kadhaa pamoja. Bina-Adamu! humtaka msomaji amtambue Peter Pan wa hadithi za watoto wa Uingereza, ayakumbuke masimulizi ya jadi, na ajue habari za siasa za ulimwengu. Ni wachache wenye yote hayo kichwani, lakini watu watano waliokulia mahali tofauti huenda wakawa nayo. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ni nyepesi zaidi na yenye ucheshi: jina lake likitamkwa polepole hujifungua lenyewe, wale ni sisi, na anayeligundua hawezi kukaa nalo kimya. Msomaji mpweke akikwama katika Nagona hudhani kwamba kosa ni lake. Akiwa na wenzake hugundua kwamba wote wamekwama mahali pamoja, na hapo ndipo penye la kuzungumzwa.

Mipaka ya nchi, mipaka ya vitabu

Siku Njema ya Walibora (1996) inamfuata kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Mhusika huvuka mpaka kwa urahisi kuliko kitabu kinachomsimulia. Kwa kuwa kila nchi huteua vitabu vyake na soko hufuata uteuzi, riwaya inayojulikana na kila kijana upande mmoja yaweza kuwa jina geni katika duka la vitabu upande wa pili. Msomaji wa Tanga anayetaka kuzungumza na msomaji wa Kitale kuhusu kitabu kilekile atahitaji jamaa anayesafiri. Bei nayo haisaidii. Tangu sheria ya mwaka 2013, vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mzazi atailipa kodi hiyo kwa kitabu teule kwa sababu hana budi, lakini anayenunua kwa mapenzi ana hiari ya kuacha.

Hapo ndipo mambo ya nchi jirani yanapoingia. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mipango ya utekelezaji huzungumzia walimu, mitaala na vitabu vya kiada, na ni lazima izungumzie hayo. Lakini mwanafunzi wa Mbarara au wa Huye hatakuwa na mjomba aliyemsimulia Bwana Msa, wala gazeti la mfululizo lililochakaa mezani. Kisa chake cha kwanza cha Kiswahili huenda kikawa kitabu teule, na usomaji wake wa kwanza ukawa mwongozo. Akimaliza mtihani, atakuwa na lugha asiyo na sababu ya kuifungua tena jioni. Rafu moja ya riwaya zisizotahiniwa katika maktaba ya wilaya, zenye nakala nne au tano za kila kitabu ili watu waweze kukisoma kwa wakati mmoja, ni gharama ndogo ikilinganishwa na uchapishaji wa vitabu vya kiada. Idadi ya nakala hapo ina maana: nakala moja humpata msomaji, nakala tano hupata mjadala.

Kuhusu kitu cha kuwekwa katika rafu hiyo, si lazima wateuzi waanze na vitabu vilivyokwisha kupata sifa ya darasani. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ingefaa kuwa ya kwanza. Ni kisa cha njia za biashara kutoka pwani kuingia bara, na msomaji wa maziwa makuu atawaona wasafiri wa pwani wakimkaribia badala ya kuondoka naye. Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaishi kwa miaka mingi akiamuliwa na wengine. Mwishoni, baada ya jeshi la Wajerumani kupita likikusanya vijana, anaondoka mbio kulifuata. Riwaya inakomea hapo. Wapo watakaosema amejiuza upya kwa bwana mwingine, na wapo watakaosema kwamba hilo ndilo jambo la kwanza alilolichagua mwenyewe. Mwandishi hakumsaidia yeyote kati yao.