"Chanya" na "Hasi" Mbele ya Mgonjwa

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya kinywani mwa msemaji na sikioni mwa msikilizaji. Kwa kipimo hicho, maneno "chanya" na "hasi", yatumiwayo katika kutoa majibu ya vipimo vya maradhi ya kuambukiza, hayana budi kuhakikiwa upya.

Katika hisabati maneno haya hayana kasoro: namba chanya i juu ya sifuri, namba hasi i chini yake. Lakini magazeti na mikutano imeyapa maana nyingine. Mabadiliko chanya ni mema. Mtazamo hasi ni mbaya. Tumchukue mkulima wa Mikese, kwenye Reli ya Kati mashariki ya mji wa Morogoro, aliyepimwa makohozi. Akiambiwa, "Majibu yako ni chanya," si ajabu akimshukuru Mungu na kurudi shambani, ilhali ameambiwa kwamba ana kifua kikuu. Na mzee asiyezoea maana hizi mpya atakumbuka tu kwamba kuhasi ni kumtoa mnyama makende.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apewe ushauri nasaha kabla na baada ya kupimwa. Haki ya kuarifiwa haitimizwi kwa jibu kutamkwa, bali kwa jibu kueleweka. Asiyeelewa hawezi kuridhia kwa dhati matibabu ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6, wala kuwakinga watu wa nyumbani mwake.

Yaweza kudaiwa kwamba mhudumu atafafanua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini istilahi inayodai ufafanuzi kila itamkwapo humwongezea mhudumu kazi, na siku ya foleni ndefu ufafanuzi ndio uachwao kwanza.

Tunapendekeza maneno hayo yabaki katika hisabati na katika daftari za maabara. Mgonjwa aambiwe kwa kitenzi: vimelea vya kifua kikuu "vimeonekana" au "havikuonekana". Usemi huu wa pili una faida zaidi, kwani darubini yaweza kukosa vimelea vilivyo vichache, na "havikuonekana" haimaanishi kwamba havimo. Watafsiri wa fomu za afya na walimu wa vyuo vya uuguzi waweza kuanza kuutumia sasa.